Tangazo lilisema "wamiliki": kisa cha uchochoro mmoja Mbeya

Tangazo nililiandika mimi mwenyewe. Karatasi tatu, kalamu ya wino mweusi, herufi kubwa: WAMILIKI WOTE WA VIWANJA MNAALIKWA KWENYE MKUTANO WA URASIMISHAJI, JUMAMOSI SAA 4 ASUBUHI, OFISI YA MTAA. BILA KUKOSA. Moja nikaibandika mlangoni pa ofisi, ya pili dukani kwa Mkinga pale kona, ya tatu kwenye mparachichi ulio karibu na bomba la maji. Nilikuwa katibu wa kamati ya urasimishaji, yaani ya kuwapatia watu hati za viwanja vyao, na kazi yangu ni ualimu wa jiografia. Mwandiko wangu unasomeka, na ramani nimefundisha miaka mingi. Sikuona kasoro yoyote. Ilibidi mvua za msimu mzima zitupige ndipo nikaelewa kwamba mgogoro ulikuwa umeshaanza kwenye neno la kwanza la karatasi ile.

Mtaa wenyewe sitautaja, kwa sababu wahusika bado ni majirani zangu na tunazikana. Inatosha kusema uko upande wa juu wa barabara kuu ya TANZAM, kwenye mteremko unaopanda kuelekea Loleza. Ukishuka kwa miguu hadi Mwanjelwa ni nusu saa. Ukirudi na mzigo ni karibu saa nzima. Anayeijua Mbeya anaijua sura yake: nyumba za tofali za kuchoma zilizobanana, mabati yaliyoshika kutu, uwani mmoja wenye vyumba sita hadi vinane vya kupangisha, choo kimoja cha wote. Kati ya nyumba na nyumba kuna vichochoro vinavyopinda kufuata mahali maji yalipopita. Hakuna aliyevichora. Watu walijenga wakaachiana pa kupita, pakawa njia.

Uchochoro wa kisa hiki ulianzia bombani, ukapita kati ya nyumba ya mama mmoja mjane na nyumba ya mzee mstaafu wa reli ya TAZARA, ukapinda kwenye kona ya godauni, ukatokea kwenye lami ambako bajaji husubiri abiria. Huko juu ulikuwa na upana wa hatua nne za mtu mzima. Pale godauni, hatua mbili. Ugomvi ulipokuwa umeshapamba moto nilikaa asubuhi tatu kwenye kibaraza cha Mkinga na daftari, nikawa nahesabu wapitaji kwa vijiti vya tano tano. Ilikuwa Juni, baridi ile ya kwetu ambayo mtu akikusalimia unauona mvuke kabla ya kusikia neno.

Saa 11 alfajiri anashuka mama wa maandazi, ndoo nyeupe yenye mfuniko kichwani, kitenge kimekunjwa juu yake kutunza joto. Nyuma yake vijana wa kubeba mizigo wanaowahi malori sokoni, mikono mifukoni, wanakimbia kidogo kidogo kwa sababu ya mteremko. Saa 12 uchochoro unakuwa na pande mbili: wanapanda walinzi waliokesha kwenye mageti ya mitaa ya Forest na Uzunguni, wanashuka wadada wanaokwenda kufua, kufagia na kulea watoto katika nyumba hizo hizo. Wanapishana pale godauni kwa kugeuza mabega. Kisha wanafunzi, makundi makundi. Kisha fundi viatu anayetembelea magongo, ambaye watu wote humpisha bila kuambiwa. Kisha vijana wa guta wakishusha madumu matupu. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulijaa kabla jua halijavuka mlima.

Katika wote hao, wenye viwanja niliowatambua nisingemaliza vidole vya mkono mmoja. Mwenye kiwanja hapa kwetu ana pikipiki, au ameshahamia Forest Mpya na huku anaonekana mwisho wa mwezi akifuata kodi. Mimi mwenyewe nina pikipiki.

Turudi nyuma kidogo, maana mkutano wetu haukuvumbua ubaguzi. Mji huu ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipovuta watu wa kila aina, na Waingereza wakaupanga kama walivyopanga miji mingine ya Tanganyika: Wazungu kwenye viwanja vipana vyenye miti, Wahindi kwenye mitaa ya maduka, Waafrika kwingine, wamebanana. Majina tunayo mdomoni hadi leo. Mwambie dereva wa bajaji "Uhindini" au "Uzunguni" hakuulizi mara mbili. Ujanja wa kanuni za zama zile ni kwamba mara nyingi hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba. Kanda hii nyumba ya Kizungu, kanda ile jengo la biashara, kanda ya tatu nyumba ya kienyeji. Asiye na fedha za kujenga nyumba ya Kizungu hakuhitaji askari wa kumfukuza. Kipimo kilishamfukuza.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kweli. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa kudumu uliorithiwa kutoka kwa wakoloni ulifutwa, ukawa upangaji kutoka kwa serikali. Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa nchi nzima, mengi yakiwa ya Wahindi, yakawa chini ya Msajili wa Majumba hadi yalipohamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Wapangaji wa kila kabila wakaingia Uhindini. Lakini meza ya mchoraji iliendelea kuwa na mafungu matatu, sasa yakiitwa ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa, kwa kadiri nyumba zinavyobanana. Kwa viwango vya mwaka 1997, kiwanja cha ujazo mdogo kilikuwa mita za mraba 1,601 hadi 4,000. Cha kati 801 hadi 1,600. Cha ujazo mkubwa 400 hadi 800. Rangi ilitoka kwenye karatasi, mita za mraba zikabaki.

Kiwanja changu kina mita za mraba 210. Maana yake hata fungu la mwisho halikunipokea, na mimi ni mwenye nafuu. Reli ya TAZARA na barabara ya TANZAM zililetea mji huu watu ambao hakuna fungu lililowangojea, wakajipanga wenyewe kwenye miteremko na kandokando ya makorongo. Sensa ya 2012 ilikuta Jiji la Mbeya lina watu 385,279. Ya 2022 ikakuta 541,603. Hao zaidi ya 150,000 walioongezeka ndani ya miaka kumi sidhani kama wengi wao walipata kiwanja cha mita 1,601.

Kwa hiyo mtaani kwetu utamkuta Msafwa ambaye babu yake alilima hapa hapa, Mnyakyusa wa Rungwe, Mndali wa Ileje, Mnyiha wa Mbozi, Mkinga wa Makete ambaye hata akianza na sanduku la pipi mwaka wa tatu ana duka, familia moja ya Kibaluchi iliyotoka Rujewa, na pale chini mzee wa godauni ambaye kila mtu humwita "Mhindi" ingawa alizaliwa Mbeya kama baba yake. (Tuna hata Soweto yetu. Kule Johannesburg jina hilo ni kifupi cha vitongoji vya kusini-magharibi walikorundikwa Waafrika. Sisi tumeligeuza soko.) Kwa macho, ni mtaa uliochanganyika kuliko mtaa wowote wa Uzunguni. Kuchanganyika huko hakukutokana na mpango wa mtu.

Sasa urasimishaji. Kwa asiyeujua: ni utaratibu wa kuyatambua makazi yaliyojengwa bila mpango, badala ya kuyabomoa. Sheria ya Ardhi ya 1999 na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 zinauruhusu. Mtaa unachagua kamati, vipande vya ardhi vinatambuliwa, mchoro wa mipango miji unachorwa na kupitishwa, wapimaji wanakuja kuweka bikoni, yaani alama za mipaka, na mwisho mtu anamilikishwa kwa hati. Ni jambo jema. Nimeona mtu akiishika hati yake kwa mikono miwili kama anayepakata mtoto mchanga. Kwa kuwa serikali haina wapimaji wa kutosha, kampuni binafsi zinafanya kazi hiyo na wananchi wanalipia. Wizara ya Ardhi iliweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja baada ya malalamiko ya gharama kubwa.

Hapo kwenye 150,000 nakaa kidogo, kwa sababu naamini ndiyo kiini cha kisa. Kampuni inalipwa kwa kiwanja. Mchoro wenye viwanja mia unaleta malipo ya viwanja mia. Uchochoro si kiwanja. Hakuna anayeulipia, kwa hiyo katika hesabu ya kazi ile uchochoro ni hasara: kila mita unayoiacha njia unaikata kwenye kipande cha mtu aliyelipa, naye atakuja ofisini kulalamika. Kijana mpimaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, aliamkia wazee, alikula ugali wetu. Nilipomuuliza baadaye, akasema bila kuficha: "Mwalimu, mimi nafuata waliosaini fomu." Waliosaini ni waliolipa. Waliolipa ni wenye viwanja. Na wenye viwanja ndio niliowaita.

Mkutano ulifanyika mwaka 2022. Viti vya kukodi vilijaa. Mama wa maandazi alifika mapema, ndoo imeshaisha, akasimama pembeni ya mlango. Aliuliza, "Na sisi?" Nikamjibu kwa upole niliouona wakati ule kuwa heshima: "Mama, leo ni ya wenye viwanja. Yenu itakuja." Akaitikia "haya", akaondoka. Yao haikuja, wala hakuna aliyekuwa ameipanga. Na cha kuniaibisha zaidi ni kwamba mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hauulizi kama unamiliki au unapanga. Mpangaji anampigia kura mwenyekiti wa mtaa sawa na baba mwenye nyumba. Sheria ilikuwa na mlango mpana kuliko tangazo langu.

Mpimaji akatandaza picha ya anga. Picha iliona mabati vizuri sana. Uchochoro wetu, wenye miparachichi juu na kamba za kuanikia nguo, haukuonekana. Akauliza, "Hapa katikati kuna njia?" Mstaafu akasema, "Hapo ni kwangu. Watu wanapita kwa hisani." Mama mjane akanyamaza. Naye nusu ya njia ilikuwa ardhi yake, na ukiifuta kiwanja chake kinanenepa. Waliokaa mbali na pale hawakuwa na la kusema. Barabara ya mita 6 ikachorwa upande wa magharibi, mahali ambapo magari yalikuwa tayari yanafika, mistari ikanyooka, wote wakapiga makofi. Muhtasari niliuandika mimi. Una ukurasa mmoja na nusu na neno "uchochoro" halimo.

Bikoni zikaja, hati zikafuata. Oktoba 2023, kabla ya mvua, mstaafu akajenga ukuta wa bloku kwenye mpaka wake mpya, halali kabisa kwa mujibu wa mchoro. Siku ya kwanza watu walifika ukutani wakacheka, wakadhani atauacha mlango. Siku ya pili wakaanza kuzunguka magharibi. Njia mpya ilikuwa nzuri kweli, pana, ila ilimzungusha mwenye ndoo kichwani robo saa nzima, na kurudi vilevile. Fundi viatu alizunguka wiki moja, kisha akaacha kuja kwenye kona yake. Duka la Mkinga likakosa wateja wa asubuhi.

Kisha mvua. Jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu alilitaja kwenye mkutano ni kwamba uchochoro ule ulikuwa mfereji pia. Maji ya mlimani yamepita pale tangu kabla ya nyumba. Januari 2024 yalishuka, yakakuta ukuta, yakageuka yakaingia uwani kwa mama mjane, yaani kwa yule yule aliyeongezewa ardhi. Hakulala humo, yeye anaishi nyumba ya mbele, kwenye msingi mrefu. Waliolowa ni wapangaji wake wa vyumba vya nyuma. Asubuhi magodoro yalikuwa juu ya mabati kama ngozi zilizoanikwa, na mtoto mmoja anapiga deki kwa sahani.

Usiku mmoja mwezi Februari bloku za sehemu moja ya ukuta zikatolewa. Nasema zikatolewa, hazikuvunjwa. Zilikutwa zimepangwa pembeni kwa mstari, hata moja haina ufa; aliyefanya kazi ile ni fundi. Mstaafu akaziba. Zikatolewa tena, zile zile, zikapangwa pale pale. Akataka polisi, mwenyekiti akamwomba asubiri, pengo likabaki wazi na watu wakarudi kupita. Halafu Aprili likatokea la Itezi, Mlima Kawetere ulipomeguka na tope likafunika nyumba zipatazo 20. Sisi si Itezi, lakini kila anayeishi kwenye mteremko hapa mjini alilala akiusikiliza mlima wiki ile. Mstaafu alikuja kwangu jioni, akakaa muda mrefu bila kugusa chai. "Mwalimu," akasema, "hayo maji mwaka ujao yatakwenda wapi?" Mimi mwalimu wa jiografia. Sikuwa na jibu la kitabuni.

Akapeleka shauri baraza la ardhi la kata. Wengi hulalamika kwamba tangu marekebisho ya 2021 mabaraza ya kata hayana tena nguvu ya kuamua, yanasuluhisha tu, na suluhu ikishindikana ndani ya siku 30 unakwenda ngazi ya juu. Kwetu udhaifu huo ulitusaidia. Kwa hati na mchoro, mstaafu angeshinda dakika kumi za kwanza. Kwa kuwa hakuna wa kumpa ushindi, ilibidi tuongee.

Ugumu wa kwanza: upande wa pili ni nani? Katibu wa baraza alihitaji jina la kuandika. Wapangaji hawana ardhi pale, wanadai nini? Kimya kirefu. Mkinga akainuka: "Andika mimi." Naye ni mpangaji wa fremu tu, lakini duka lake lina daftari la madeni lenye majina ya mtaa mzima, na mtu wa namna hiyo hapuuzwi. Mjumbe mmoja wa baraza, mama mtu mzima, akaniomba nisome muhtasari wa 2022. Nikasoma. Nilipomaliza akauliza, "Wapangaji walisemaje?" Nikajibu hawakuwepo. "Hawakuwepo, au hamkuwaita?" Nikasema hatukuwaita. Ni yeye aliyenituma kwenda kuhesabu wapitaji.

Ugumu wa pili ulikuja ukiwa umevaa nguo ya umoja. Mtu mmoja akasema tatizo halisi ni ukuta wa Mhindi kule chini, ndio unaobana njia, aanze yeye. Ghafla kila mtu akakubali, mwenye nyumba na mpangaji, Msafwa na Mnyakyusa, mstaafu akiwa wa kwanza. Ni rahisi sana kupatana juu ya mtu ambaye hayupo chumbani. Na hakuwepo kwa sababu naye hatukumwita. Yeye ni mmiliki, ana hati ya zamani, kwa hiyo hakuwa kwenye orodha ya kurasimishwa; na nikisema ukweli, hata bila orodha asingekuja akilini mwetu. Mwenye nyumba tunamwita mwenzetu, mpangaji tunamwita jirani, yeye tunamwita kwa asili ya babu yake.

Nikaenda na mwenyekiti. Tulimkuta anahesabu magunia. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Ugonile, mwalimu?" Kinyakyusa chake kizuri kuliko changu, nikaishia kusema "ndaga" kama mgeni. Akamtazama mwenyekiti, akasema, "Miaka yote niliyokaa hapa, leo ndiyo mara ya kwanza unaingia bila karatasi ya mchango." Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Tukaeleza. Kukata kona hakukumsumbua. Malori yakirudi nyuma yanaigonga kila mara na ameshachoka kuipaka lipu. Kilichomsumbua ni karatasi. Jengo la baba yake lilikuwa Uhindini, lilichukuliwa 1971, na tangu hapo hatoi hata hatua moja ya ardhi kwa maneno. Alitaka iandikwe kwamba mita moja ile ni njia ya umma aliyoitoa kwa hiari, na kwamba kilichobaki ni chake. Mwanzoni mwenyekiti aliona ni kiburi cha tajiri. Mimi niliona ni mtu anayejua historia ya mji wake kutushinda.

Suluhu ikawa hivi. Mstaafu akarudi nyuma mita moja, mama mjane mita moja, godauni likakata kona. Mchoro ukarekebishwa, na njia ya waenda kwa miguu ya mita 2 ikaandikwa humo kwa jina lake. Gharama ya marekebisho tuligawana wenye viwanja, na kelele zake nisizieleze. Wapangaji walitoa mikono: mawe kutoka korongoni, mchanga kwa ndoo, jioni baada ya kazi na Jumapili mchana. Saruji ilitoka godauni, ile mifuko iliyopasuka. Upande mmoja ngazi za mawe, upande mwingine mfereji wenye vifuniko vya zege. Nilipigania mteremko laini badala ya ngazi kwa ajili ya fundi viatu. Mlima ulikataa, ni mkali mno. Tukaweka kishikio cha bomba la chuma. Akakijaribu mwenyewe siku ya kwanza. "Mwalimu, matope ndiyo yalikuwa yananiangusha. Ngazi naziweza." Watu wa guta walipoteza. Mita 2 zenye ngazi si njia ya guta, nao sasa wanazunguka magharibi na mzigo. Kwenye baraza hawakuwa na msemaji. Hilo nililigundua baadaye, tena kwa kutukanwa.

Naulizwa na wenzangu wa kamati za mitaa mingine tungefanya nini tofauti. Kwanza tungeanza na maji. Kule Dar es Salaam, mtaa wa Hanna Nassif miaka ya 1990 uliboreshwa kwa mifereji na barabara zilizojengwa na wakazi wenyewe, na hata asiyemiliki kitu ana la kusema kuhusu mfereji, kwa sababu maji hayamuulizi hati. Sisi tulianza na hati, na hati inamhusu mwenye nayo. Pili, kabla ya picha ya anga, mtu akae kibarazani na daftari, alfajiri na jioni. Kazi hiyo haina gharama. Inahitaji koti tu. Kuhusu kampuni kulipwa kwa kiwanja sina dawa ya mtaa mmoja. Njia ingekuwa na malipo yake kwenye mkataba, nina hakika kijana yule angeiona hata chini ya miparachichi.

Lipo jambo moja ambalo hakuna daftari lililonionyesha mapema. Mwaka uliofuata, eneo likiwa na hati, njia ya zege na taa mbili za mtaa, huku barabara kuu ikipanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi na kila mwenye nyumba akipiga hesabu zake, mama mjane alipandisha kodi. Chumba cha nyuma kilichokuwa 25,000 kikawa 40,000. Alinieleza kwa haki yake: amelipia urasimishaji, ametoa mita moja, ameziba nyufa. Wapangaji watatu kati ya wanane waliondoka. Mmoja wao alikuwa mama wa maandazi, aliyebeba mawe Jumapili nne mfululizo na mgongo wake mbaya. Alihamia upande wa Nsalaga, chumba cha bei yake ya zamani, na asubuhi anakuja na daladala ya kwanza kwa sababu wateja wake bado wako kwetu.

Juzi kulikuwa na mkutano kuhusu kioski kipya cha maji. Tangazo niliandika mimi tena, WAKAZI WOTE, kwa herufi kubwa kuliko za kwanza, nikaenda kulibandika kwenye mparachichi saa 12 na robo. Alikuwa anapanda ngazi na ndoo yake. Akaitua chini, akasoma kwa sauti, polepole, hadi mwisho.

"Mwalimu, safari hii umetuandika," akasema. "Na mimi nimeshahama."

Akanifungulia mfuniko. Nikanunua manne, yalikuwa bado ya moto.